Matangazo ya Wanasiasa kwenye Runinga na Kura Yako ya 2027

Wanaojua kwamba niliwahi kufanya kazi katika idara ya matangazo ya kituo kimoja cha runinga hapa Nairobi huniuliza swali moja kila uchaguzi unapokaribia: je, matangazo ya wanasiasa hubadilisha kura, au ni fedha zinazomwagwa bure? Kwa kuwa tarehe 10 Agosti 2027 haiko mbali, nimeona afadhali nijibu kwa maandishi kuliko kurudia maneno yaleyale katika kila harusi na kila matanga.

Kwa maoni yangu, matangazo hayo hubadilisha machache sana pale tunapoyaogopa zaidi, yaani katika kinyang'anyiro cha urais, na yangeweza kubadilisha mengi pale ambapo hayafiki kabisa.

Nafasi zilizogombaniwa zaidi idarani kwetu zilikuwa zile zinazozunguka taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni na ile ya Kiingereza ya saa tatu usiku, saa ambazo jamaa nzima huwa imeketi sebuleni. Nafasi hizo ni ghali, na matangazo hurushwa nchi nzima. Mwaniaji wa kiti cha mwakilishi wadi huko Kariobangi akilipa bei hiyo, sehemu kubwa ya fedha zake itakuwa imewahutubia watu wa Lodwar na Kwale, ambao hawana namna ya kumpigia kura. Ndiyo maana hubaki na mabango, gari la vipaza sauti na msafara wa bodaboda, huku runinga ikiachiwa wagombea urais na wawaniaji wachache wa ugavana waliojaliwa fedha. Lakini mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita, na kwa wengi niliozungumza nao, ile ya rais ilikuwa imekwisha kuamuliwa moyoni miezi mingi kabla; walipokwama ni kwenye zile nyingine tano.

Utafiti wa Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu, unaelekea upande huohuo. Katika kampeni za gavana Rick Perry huko Texas mwaka 2006, watafiti waliruhusiwa kupanga kwa bahati nasibu ni maeneo gani yangeanza kuona matangazo yake na lini. Uungwaji mkono ulipanda kwa kiasi kikubwa, kisha ukanywea baada ya takriban wiki moja. Majaribio mengine, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalipima matangazo 49 ya kampeni za urais za 2016 kwa watu wapatao 34,000, na athari ikaonekana kuwa ndogo mno, liwe tangazo la sifa au la kashfa. Uchunguzi mwingine wa chaguzi za huko ulikuta kwamba matangazo ya runinga huwa na nguvu zaidi katika viti vya chini kuliko katika urais, jambo lisilonishangaza, kwa kuwa mtu usiyemjua ndiye anayeweza kujieleza kwako upya.

Msomaji makini ataniuliza: je, kidogo hakitoshi? Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, tofauti ya kura zipatazo 233,000. Hapo hoja yangu inabanwa, nami nakubali ibanwe. Hata hivyo, naamini kinachonunuliwa kwa fedha nyingi hivyo mara nyingi si kura ya mtu wa upande wa pili. Hununuliwa ari ya wafuasi, ili waamke alfajiri kupanga foleni, na pia hutumwa ujumbe kwa wanasiasa wanaopima upepo kabla ya kuhama chama kwamba kambi hii bado ina uwezo. (Mawakala wa kambi moja walipokuja kwetu, swali lao la kwanza halikuwa bei, walitaka kujua wenzao wamechukua nafasi ngapi.)

Ushauri wangu basi ni kwamba uamuzi wako uufanye mapema na uuandike pamoja na sababu zake, kisha wiki ya mwisho, ambayo ndiyo wiki yenye matangazo mazito zaidi, usikubali kuubadilisha kwa jambo ulilolisikia kwenye tangazo peke yake. Tangazo ni hotuba isiyo na muulizaji. Mpime mgombea pale anapoulizwa, na ukumbuke pia nani aliyekwepa: katika mdahalo wa urais wa 2017 Raila alisimama peke yake kwa sababu Uhuru Kenyatta hakufika, na tarehe 26 Julai 2022 Ruto naye akajibu maswali peke yake kwa sababu Raila hakufika.

Usingoje sheria ikuambie nani aliyelipia. Uingereza hairuhusu kabisa matangazo ya kisiasa ya kulipiwa kwenye runinga na redio, na vyama hupewa muda bila malipo. Sisi tulitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini hata katika uchaguzi wa 2022 wagombea hawakuwekewa kikomo cha matumizi.

Muda utakaouokoa kwa kuyapuuza matangazo ya urais, utumie kwa mwakilishi wadi na mbunge. Nairobi ina wadi 85, na mikutano ya wawaniaji hao hufanyika uwanjani karibu na kwako, mara nyingi Jumapili alasiri. Nenda ukaulize kuhusu basari, mitaro ya maji taka na fedha za eneo bunge, na uone ni nani anayejibu kwa tarakimu na ni nani anayeomba muziki uwashwe tena.