Gawa kwa 195, si kwa 240

SWALI: Shikamoo Bibi Hesabu. Mimi ni mtunza stoo hapa Dar es Salaam. Mkataba wangu unasema mshahara wa msingi ni shilingi 14,040,000 kwa mwaka. Naenda kazini siku tano kwa wiki, saa tisa kila siku ukitoa saa ya chakula. Sasa kampuni nyingine inanitaka kwa 6,500 kwa saa, saa zilezile, ila hakuna likizo wala NSSF, na siku usipokuja hulipwi. Mume wangu kapiga hesabu akasema kwa sasa nalipwa 1,603 tu kwa saa, nihame kesho. Mwenzangu kazini yeye kapata 6,750, ananiambia nibaki. Nimsikilize nani?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili wamekosea, ingawa mwenzako kakosea kwa heshima kidogo. Mumeo kagawa kwa siku 365, kisha kwa saa 24. Kakuhesabia hadi saa za kulala! Mwenzako katumia 2,080, namba iliyozagaa mtandaoni, ambayo ni saa 40 za kazi za Wamarekani mara wiki 52. Wewe unafanya 45, na ndizo saa za kawaida za juu kabisa kwa wiki chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mara 52 unapata 2,340. Gawa 14,040,000 kwa hizo: 6,000 kamili.

Ukitaka kuanzia mshahara wa mwezi, sheria hiyohiyo ina jedwali lake nyuma: gawa kwa 4.333, maana mwezi si wiki nne kavu, halafu gawa kwa saa zako za wiki. Kwa wa saa 45, inakuwa kugawa kwa 195.

Hiyo 195 nimeilipia aibu. Mwaka 2012 nilikuwa naandaa mishahara kwenye kiwanda kimoja, na nilikuwa nagawa kwa siku 30, kisha saa 8, yaani 240, kama nilivyomkuta aliyenitangulia akifanya. Siku moja dereva wa forklifti akaingia na hesabu aliyoiandika nyuma ya pakiti ya sigara. Mshahara wake 390,000. Kwangu saa yake ilitoka 1,625, kwake 2,000. Ovataimu ni mara moja na nusu, kwa hiyo kila saa nilikuwa namkata 562 na senti 50, na mwezi ule alikuwa na saa 40. Shilingi 22,500. Hakupiga kelele, aliiweka ile pakiti juu ya meza yangu akasimama. Nilikaa na mafaili hadi usiku nikirekebisha ya idara nzima.

Turudi kwako. 6,500 ni kubwa kuliko 6,000, ndiyo, lakini hizo si saa za aina moja. Huko uliko unalipwa hata ukiwa likizo siku 28, na sikukuu ukiwa nyumbani unapika pilau. Toa wiki nne za likizo, zinabaki wiki 48, saa 2,160. Tuseme sikukuu 12 zinaangukia siku za kazi, toa 108 nyingine. Saa unazotoka jasho kweli ni 2,052, na kila moja inakuingizia 6,842. Bado kuna NSSF: ikiwa mwajiri wako anachangia asilimia 10, hiyo ni 1,404,000 kwa mwaka usiyoiona kwenye slipu kama pesa ya mkononi. Iongeze, ugawe tena: 7,526.

Kwa hiyo hao wanaokuita na 6,500 wanakupunguzia zaidi ya elfu moja kwa kila saa. Mimi nisingeshuka chini ya 7,500, na hapo sijahesabu siku mtoto akiumwa.

Halafu kuna jambo linanikera katika barua yako. Saa zilezile, stoo yao, msimamizi wao, lakini bila likizo wala NSSF, kana kwamba wewe si mwajiriwa? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haiangalii jina la mkataba. Ukimfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, hiyo peke yake inatosha kukuhesabu mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Wewe utazimaliza wiki ya kwanza. Waulize hilo mapema, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, na majibu yao wakupe kwa maandishi.

Mumeo msalimie. Mwambie ile 1,603 aitunze, siku wakianza kukulipa na usingizi tutaihitaji.