Ofisi ya Utafiti Ina Kazi Gani Zaidi ya Muhuri?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa Dodoma, na ninatafiti jinsi wakulima wadogo wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanavyouza mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa, pale mnunuzi mkubwa anapokosekana. Msimamizi wangu amekwishapitisha andiko la utafiti, lakini ofisi ya utafiti ya chuo imelirudisha kwa mara ya pili, na mavuno yanakaribia. Ofisi hii inanisaidia au inanichelewesha?

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, maana zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ukikosa msimu huu itakubidi usubiri mwingine. Hata hivyo, msimamizi na ofisi hawasomi andiko kwa jicho moja. Msimamizi hupima kama swali lako lina uzito na kama mbinu zako zinaweza kulijibu. Ofisi hupima kama chuo kinaweza kukudhamini mbele ya watu utakaowahoji, kwa kuwa barua utakayoibeba hutolewa kwa jina la Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye kwa utaratibu wa siku nyingi huwapa wanafunzi na wafanyakazi wake vibali vya utafiti kwa niaba ya Serikali na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Kabla ya kulalamika, lisome upya dodoso lako. Ukimuuliza mkulima, “Ulikamua lita ngapi, na uliuza lita moja kwa shilingi ngapi?”, umemwomba akufunulie kipato chake, na kama juu ya ukurasa huohuo umeandika jina lake na namba yake ya simu, karatasi hiyo ikimfikia mnunuzi, mkulima hana tena nguvu ya kupatana bei. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili si la adabu peke yake. Tumia namba badala ya majina, tunza orodha ya majina mbali na majibu, na andika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi, ukieleza kwamba mtu anaweza kukataa au kusitisha mahojiano bila kudhurika. (Fomu ya Kiingereza anayosomewa mkulima wa Mpunguzi mpaka leo sijaielewa ni ya kumlinda nani.) Kwa mzee anayejieleza vizuri zaidi kwa Kigogo, taja nani atakutafsiria na atafungwaje kutunza siri.

Mwombe pia afisa anayeshughulikia andiko lako akupe hoja zote kwa mkupuo mmoja na kwa maandishi, kwa kuwa kurudisha andiko leo kwa dosari hii na kesho kwa nyingine ni uzembe ambao mwanafunzi hapaswi kuubeba. Barua ikitoka, bado itapita kwa Mkurugenzi wa Jiji, kisha kwa watendaji wa kata na mitaa. Hatua hizo uzihesabu katika ratiba yako.

SWALI: Mimi ni mhadhiri msaidizi. Mwenzangu wa Ujerumani amenialika tuombe ruzuku kwa pamoja. Kwa nini nisitume maombi mwenyewe?

JIBU: Kwa sababu wafadhili wengi huingia mkataba na chuo, wala sahihi yako peke yako haikifungi chuo. Ofisi ya utafiti ndiyo inayopaswa kuuliza data zitakuwa mali ya nani, sampuli zitapelekwa wapi, na fedha zitaingia katika akaunti ipi. Mwenzako naye akija kukusanya data atahitaji kibali cha COSTECH kwa jina lake, pamoja na kibali cha ukaazi cha daraja C kutoka Uhamiaji. Mradi ukihusu afya ya binadamu, suala la maadili litaifikia pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Nakubali kwamba zipo ofisi ambazo huonekana fedha zikishaingia tu, ili zikate fungu lao; dawa yake ni kuwapelekea bajeti mapema, wakati bado inaweza kurekebishwa.

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kijiji wilayani Kongwa. Wanafunzi huja na barua zao wakati watu wako shambani, huhoji, huondoka, na majibu hatuyaoni. Ninaweza kuwakataa?

JIBU: Ndugu Mtendaji, barua humtambulisha mtafiti, haimlazimishi mwanakijiji yeyote kujibu. Angalia jina, mada, eneo na muda uliotajwa, na kama muda umepita, mrudishe mhusika akaihuishe. Kumpangia wiki nyingine kwa sababu watu wanapalilia ni haki yenu. Kuhusu majibu, iandikie ofisi iliyotoa barua, ukinukuu kumbukumbu namba yake, uombe muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, unaoweza kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Nakala mpelekee Katibu Tawala wa Wilaya, ili safari nyingine chuo hicho kikiomba kuja kwenu aanze kwa kuuliza muhtasari huo uko wapi.