Kuhamia kijiji cha watumishi wastaafu: maswali yenu, majibu yetu

Safari hii maswali yote yanahusu vijiji vya kustaafia vilivyoanzishwa kwa ajili ya wachungaji, wamisionari na watumishi wengine wa Kikristo. Barua tumezifupisha, hoja tumeziacha kama zilivyo.

Sikuwahi kuwekewa mikono. Kwa miaka 27 nilitunza hesabu za hospitali ya misheni. Watanipokea?

Huenda wakakupokea. Vijiji vingi havitazami cheo, vinatazama kazi uliyofanya na mwajiri wako. Mhasibu, fundi wa jenereta, mpiga chapa, mwalimu wa watoto wa wamisionari, wote huhesabiwa. Baadhi ya vijiji vimefungua mlango zaidi ya hapo: Penney Farms ya Florida, iliyoanzishwa na mfanyabiashara J.C. Penney miaka ya 1920 kwa ajili ya wahubiri na watumishi wastaafu, leo hupokea pia Wakristo ambao hawakuwahi kuajiriwa na kanisa. Kila mahali pana umri wake wa chini, mara nyingi kati ya miaka 55 na 65, na idadi yake ya miaka ya utumishi.

Shida iko kwenye ushahidi. Mashirika ya misheni huungana, hubadili majina, mengine hufungwa, na faili hupotea njiani. Omba mapema barua yenye mambo manne: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kazi uliyofanya, na kama ilikuwa ya muda wote. Shirika likiwa halipo tena, ulizia nani alirithi kumbukumbu zake. Ikishindikana kabisa, kusanya mihuri ya pasipoti, hati za mshahara, na zile barua za maombi ulizokuwa ukiwatumia wafadhili wako. Barua hizo zina tarehe na mahali, na ni ushahidi wenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Picha peke yake hazithibitishi kitu.

Tukishalipa kiingilio, nyumba inakuwa yetu? Watoto wetu wataweza kuirithi?

Kwa kawaida, hapana kwa yote mawili. Kiingilio, fedha mnazolipa mara moja mnapoingia, hununua haki ya kuishi na kuhudumiwa. Umiliki hubaki kwa kijiji, kwa hiyo hamwezi kuiuza nyumba, kuipangisha wala kuiwekea rehani. Watoto wanaweza kurithi rejesho la kiingilio tu, ikiwa mkataba unalitoa.

Hapo ndipo pa kusoma polepole. Mtindo mmoja wa kawaida hupunguza rejesho kwa asilimia 2 kila mwezi. Mkitoka baada ya miezi 20, asilimia 40 imekwenda na mnarudishiwa 60. Ifikapo mwezi wa 50 hakuna kinachorudi. Mtindo mwingine huahidi kurudisha sehemu kubwa, hata asilimia 90, wakati wowote, lakini kiingilio chake huwa kikubwa zaidi tangu mwanzo. Ulizeni pia fedha hizo hulipwa lini. Mikataba mingi husema “nyumba ikipata mkazi mpya”, na nyumba inaweza kukaa tupu mwaka mzima huku familia ikisubiri. Ombeni kikomo cha siku kiandikwe.

Halafu ulizeni gharama za uangalizi. Kuna mkataba ambao ada ya mwezi haibadiliki sana mkihamishiwa kwenye kitengo cha uuguzi cha kijiji, kuna unaowapa idadi fulani ya siku kisha mnalipa bei kamili, na kuna unaowatoza kila huduma tangu siku ya kwanza. Huo wa tatu huonekana rahisi siku ya kusaini, na huuma siku ya kuvunjika nyonga.

Tunalisema hili kwa watumishi wa kanisa kwa makusudi: mmezoea kufanya kazi kwa kuaminiana. Mkurugenzi aliyewaahidi jambo kwa mdomo anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na akahamishwa mwezi ujao. Kisichoandikwa hakimfungi atakayemfuata. Mpeni mwanasheria asiyehusiana na kijiji asome kila ukurasa kabla ya kusaini.

Pensheni yangu inatosha ada ya mwezi na inabaki. Kwa nini mwanangu ana wasiwasi?

Kwa sababu ada hupanda. Tuchukue ada inayokula asilimia 70 ya pensheni yako leo na kupanda asilimia 4 kwa mwaka. Kama pensheni haipandi, ada itaipita katika mwaka wa 10. Pensheni ikipanda asilimia 2 kwa mwaka, unapata takribani miaka 18. Kwa mtu anayeingia akiwa na miaka 68, tofauti ya hesabu hizo mbili ni kubwa mno. Omba orodha ya nyongeza za ada za miaka 10 iliyopita, uweke namba zako mwenyewe.

Omba pia hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, na uulize ni nyumba ngapi zina watu. Kijiji chenye nyumba nyingi tupu kitatafuta fedha hizo kwa waliobaki.

Vijiji vingi vya watumishi vina mfuko wa kumsaidia mkazi aliyeishiwa bila kosa lake. Hayo maneno “bila kosa lake” yana uzito. Ukigawa akiba yako baada ya kuingia, hata kwa nia njema, hata kwa shule uliyoijenga zamani huko ulikotumika, kijiji kinaweza kusema umejifilisi mwenyewe na kukunyima msaada. Uliza zawadi za kiasi gani zinaruhusiwa kwa mwaka, na jibu liandikwe. Uliza pia kama mfuko ni haki iliyomo kwenye mkataba au ni hiari ya bodi.

Mume wangu ameanza kusahau. Tukisubiri afadhali yake ndipo tuombe?

Usisubiri, dada. Hali ya kusahau hairudi nyuma kwa kungojwa, na afya hupimwa karibu na siku ya kuhamia, si siku ulipoandikisha jina. Ndiyo maana tunashauri kujiandikisha miaka 3 hadi 5 mapema, ili zamu yenu ifike mkiwa bado na afya. Ukiwa kwenye orodha ya kusubiri hulazimiki kuhamia. Ukiwa nje yake huna la kuchagua.

Mpeleke kwanza kwa daktari wenu. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, dawa zinazogongana, huzuni na usikivu hafifu vyote huweza kuleta usahaulifu, na baadhi hutibika. Kisha kieleze kijiji ukweli wote. Wapo wanandoa wanaojifunza majibu ya kipimo cha kumbukumbu ili mmoja apite. Ikigundulika, mkataba unaweza kuvunjwa, nanyi mmeshauza nyumba. Njia iliyo wazi ni kuuliza kama wewe waweza kuingia kwenye nyumba ya kujitegemea naye akaingia moja kwa moja kwenye kitengo cha uangalizi, na ada mbili hizo zitakuwa kiasi gani.

Jambo moja lisingoje hata wiki: hati ya uwakala inayokupa mamlaka ya kusaini kwa niaba yake. Lazima aisaini akiwa bado anaelewa anachosaini. Akishapita hapo, njia inayobaki ni mahakama.

Kijiji kinataka kipimo cha kifua kikuu. Nilichanjwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, na kipimo cha ngozi hunionyesha nina maambukizi kila mara.

Omba kipimo cha damu badala ya kile cha ngozi. Cha damu hakidanganywi na BCG. Kikionyesha maambukizi, utapigwa picha ya kifua kujua kama ugonjwa umelala au unafanya kazi. Tafuta majibu haya wiki kadhaa kabla ya siku ya kuhama, maana lori la mizigo halingoji maabara.

Na kwa kuwa umeishi nchi za joto, mwambie daktari mpya wa kijiji bila kungoja aulize. Kuna mnyoo uitwao strongiloidi unaoweza kukaa mwilini kwa miongo mingi bila dalili kubwa, kisha ukalipuka na hata kuua mgonjwa akipewa dawa za steroidi kwa ajili ya pumu au baridi yabisi. Kipimo cha damu huutambua, na tiba yake ni fupi. Daktari ambaye hajawahi kuuona hatauwaza.

Nina vitabu karibu 1,000. Nyumba mpya ina sebule na chumba kimoja.

Tupige hesabu kabla ya machozi. Kitabu cha kawaida kina unene wa sentimita 3 na uzito wa nusu kilo hivi. Vitabu 1,000 basi ni mita 30 za rafu na nusu tani ya mzigo. Kabati la upana wa sentimita 90 lenye rafu 5 hubeba vitabu 150. Ukiweka makabati mawili, unabaki na 300.

Usianze kwa kuuliza kipi cha kutoa, hutamaliza kitabu cha kwanza. Chagua 300 vya kwenda navyo, uvitenge chumba kingine. Vilivyobaki, watumie chuo cha Biblia orodha kwanza. Kupeleka maboksi bila kuulizwa ni kuwahamishia wengine tatizo lako, na vyuo vingi vina tafsiri na fafanuzi zilezile tayari. Wanachokosa zaidi ni vile ulivyovidharau: kamusi za lugha ndogo, nyimbo zilizopigwa chapa misheni, ripoti za mwaka. Hivyo, pamoja na shajara na picha zenye majina nyuma, ni vya hifadhi ya kumbukumbu. Andika majina ya waliomo pichani sasa, wakati bado yupo anayewajua.

Boksi la vitabu lisizidi kilo 15. Kubwa zaidi hupasuka chini, au humvunja mtu mgongo. Makabati yafungwe ukutani.

Tutazame nini tukienda kukagua nyumba?

Nendeni na futi kamba. Nafasi ya mlango ukiwa wazi iwe angalau sentimita 80. Kiti cha magurudumu kinahitaji duara la sentimita 150 ili kigeuke, na bafuni ndipo linapokosekana. Sehemu ya kuogea isiwe na kizingiti. Gongeni ukuta kando ya choo: kama hauna mbao au tofali ndani, chuma cha kushikia kitang’oka siku utakapokihitaji. Zulia dogo la mlangoni liacheni mlikotoka.

Laleni usiku 2 au 3 kwenye nyumba ya wageni. Mchana wa matembezi rasmi kila mtu hutabasamu. Tembeleeni kitengo cha uuguzi saa ya chakula cha jioni, mhesabu dakika kati ya kengele ya mgonjwa na mtu kufika.

Mbwa wangu?

Mara nyingi mmoja anaruhusiwa, akiwa ndani ya kikomo cha uzito. Uliza nani atamtunza ukilazwa.

Niliongoza kanisa miaka 40. Je, nitakuwa msikilizaji tu?

Utakuwa mmoja kati ya wengi walioongoza, na hilo ndilo gumu lenyewe. Mahali penye wachungaji 40, ibada moja hupata wakaguzi 40. Manahodha wengi, jahazi huenda mrama. Kwa hiyo vijiji hupanga zamu za kuhubiri, na zamu yako inaweza kuja mara moja kwa mwaka. Wanaotulia haraka, kwa tunavyoona, hushika kazi isiyohusu mimbari: bustani, karakana ya useremala, kuwasomea wasioona.

Uliza kama kuhudhuria ibada ni sharti au hiari, na kama kuna tamko la imani la kusaini. Lisome kwa makini sawa na mkataba wa fedha, hasa kama ulitoka dhehebu tofauti na la waanzilishi. Baraza la wakazi lipo karibu kila kijiji, lakini mara nyingi hushauri tu. Bajeti na ada huamuliwa na bodi. Uliza wakazi wana viti vingapi kwenye bodi hiyo, na kama wana kura.