Sheikh wa Bahrain na bosi wa forodha Mzungu

SWALI: Mdogo wangu anafanya kazi ya sekiuriti Manama, Bahrain, juzi alinipigia nikiwa Kibuye nafunga kibanda changu cha mitumba akaniambia ati zamani forodha ya huko ilikuwa chini ya Mwingereza na sheikh mwenyewe anapewa tu alawansi kila mwezi. Nikamwambia aache hadithi, kwani sheikh si ndiye mwenye nchi? Tumewekeana soda. Mama Mitumba, Kisumu

JIBU: Mama, hiyo soda ni yake.

Kabla mafuta kupatikana 1932, Bahrain ilikula lulu na ushuru. Pesa ya kushika ya serikali ilitoka bandarini Manama, magunia ya mchele kutoka India, nguo, kahawa, mzigo mwingine unapita tu kwenda bara Arabuni, na kwa kawaida unakatwa asilimia 5. Sasa sheikh Isa bin Ali, aliyetawala tangu 1869, hakuwa na makarani wa kuhesabu hayo magunia, kazi ilikuwa mikononi mwa Mabanyani, wafanyabiashara Wahindi, na hao hao ndio aliwakopa akikwama. Ni kama lendilodi wa ploti anayekopa kwa mwenye duka mpaka mwishowe anamwambia haya, kodi za nyumba kusanya wewe tutahesabiana. Hiyo hesabu unajua vile huenda. Na usiwacheke, Sultani wa Zanzibar alifanya vivyo hivyo na nyumba ya Jairam Shivji miaka mingi tu.

Waingereza walikuwa washamfunga sheikh kwa mikataba ya 1880 na 1892, asiongee na serikali ingine bila wao. Mwaka wa 1923 ajenti wao, yaani mwakilishi wao huko Bahrain, Meja Clive Daly, akasukuma mambo mpaka mzee Isa akawekwa kando, mwanawe Hamad akashika usukani, na forodha ikawa kati ya vitu vya kwanza kuguswa. Akaletwa ofisa wa forodha kutoka India kupekua vitabu, halafu 1924 akaingia Claude de Grenier kama mkurugenzi na akakaa hapo miaka na miaka. Pesa ikawa inaenda benki badala ya mifukoni, familia ya sheikh ikatengewa fungu lake. Mwaka wa 1926 akafika Charles Belgrave, mshauri aliyepata hiyo kazi kupitia tangazo la gazeti London, mimi hapo huwa nacheka, na hakuondoka mpaka 1957.

Watakwambia vitabu vilisafishwa na mapato yakapanda, na ni kweli, Mabanyani hawakuwa malaika. Lakini huyo de Grenier hakuajiriwa na wazamiaji lulu, na sheikh akitaka kugomea jambo alijua pesa yake ya mwezi inapitia meza ya nani.

SWALI: Na huku kwetu ilitokea? Msomaji, Nakuru

JIBU: Ilitokea Mombasa. 1888 kampuni ya Waingereza, IBEA, ilichukua forodha ya pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar kwa malipo ya kila mwaka, ikashindwa na biashara, 1895 ikaiachia serikali ya Uingereza. Bendera ya Sultani ikabaki inapepea Fort Jesus hadi 1963, ushuru ukienda kwingine.