Ukialikwa kwenda Washington kukitetea chuo kikuu chako

Vyuo vikuu vingi vya umma nchini Marekani vina ofisi maalumu ya mahusiano na serikali ya shirikisho, na mwanzoni mwa mwaka ofisi hizo huwaomba baadhi ya wahadhiri na wanafunzi wafunge safari hadi Washington kuzungumza na wabunge kuhusu bajeti na sera za elimu ya juu. Kwa kuwa ninafundisha Kiswahili katika mojawapo ya vyuo hivyo na nimeshiriki katika safari hizo, walimu wenzangu na wanafunzi wetu kutoka Afrika Mashariki huniuliza kama kuna faida yoyote ya kwenda. Ninaamini ipo, tena kubwa, lakini huipata yule aliyekwenda akijua anaomba kitu gani, anamwomba nani, na anaomba katika wakati gani wa mwaka.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna sababu ya kuyaona mambo haya kuwa ya wengine. Wasovieti waliporusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, mwezi Oktoba 1957, Marekani ilishtuka, na mwaka uliofuata Bunge lake likapitisha Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, ambayo sura yake ya sita ilitenga fedha za kufundishia lugha zilizokuwa hazifundishwi sana nchini humo. Baadaye sura hiyo iliingizwa katika Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, na hadi miaka ya karibuni ndiyo iliyogharimia vituo vya masomo ya Afrika pamoja na ufadhili wa FLAS, unaomlipia mwanafunzi karo na posho ili asome Kiswahili, Kiyoruba au Kizulu. Kisha, Septemba 2025, Wizara ya Elimu ikavijulisha vyuo kwamba fedha za mwaka wa mwisho wa ruzuku zilizoanza 2022 hazitatolewa. Sheria yenyewe ilikuwa bado ipo. Kilichokosekana ni fedha. Yeyote anayesema kwamba bajeti ya shirikisho haimhusu mwalimu wa lugha na atazame ratiba ya masomo yake ya mwaka ujao.

Chuo, hata hivyo, huwa na orodha ndefu kuliko ya idara yako. Kitataka kulindwa kwa ruzuku ya Pell, inayowasaidia wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 ni dola 7,395. Kitazungumzia mikopo ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, kwa sababu sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliufuta mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Kitazungumzia pia gharama za utafiti zisizo za moja kwa moja, yaani umeme wa maabara, majokofu ya sampuli, na mishahara ya wanaohakikisha kwamba watu wanaoshiriki katika utafiti hawadhuriwi. Februari 2025 Taasisi za Kitaifa za Afya zilitangaza kwamba kiwango cha malipo ya gharama hizo kitakuwa asilimia 15 tu ya gharama za moja kwa moja za utafiti. Majimbo na vyuo vikaenda mahakamani, na mahakama ikaizuia hatua hiyo. Isome orodha yote kabla ya safari, uielewe, kisha uchague jambo moja ambalo wewe unalijua kwa kulifanya, na mengine uwaachie wenzako katika msafara.

Kalenda ni muhimu kuliko ufasaha. Mwaka wa fedha wa serikali ya shirikisho huanza Oktoba 1, na bajeti ya matumizi hugawanywa katika miswada 12, kila mmoja ukiwa na kamati yake ndogo katika Baraza la Wawakilishi na nyingine katika Seneti. Fedha za Wizara ya Elimu na za Taasisi za Kitaifa za Afya hupitia kamati ndogo ya Kazi, Afya na Elimu, ilhali zile za Wakfu wa Kitaifa wa Sayansi hupitia kamati ya Biashara, Haki na Sayansi. Ofisi za wabunge hupokea maombi ya wananchi katika miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati wabunge wenyewe wanapoandaa maombi yao kwa kamati hizo. Ikiwa mbunge wako si mjumbe wa kamati husika, mwombe atie saini barua ya pamoja ambayo wabunge huiandikia kamati, na uitaje barua hiyo kwa jina la programu inayoitetea.

Ukifika ofisini, mara nyingi utapokewa na msaidizi kijana, na pengine mazungumzo yatafanyika mkiwa mmesimama kwenye korido kwa kuwa vyumba vyote vina wageni. Usivunjike moyo. Kijana huyo ndiye anayemwandikia mbunge muhtasari, na akikuelewa vizuri, hoja yako itafika. Sisi tuliolelewa kuanza na salamu ndefu tunapaswa kukumbuka kwamba kikao chote kinaweza kuwa cha robo saa: jitambulishe, taja kaunti unakoishi, sema unachoomba, kisha simulia kwa nini. Niliwahi kueleza habari za mwanafunzi wangu kutoka kaunti ya wakulima wa mahindi na soya, aliyesoma Kiswahili kwa ufadhili wa FLAS na kwenda Morogoro kufanya utafiti wa udongo pamoja na wakulima, bila mkalimani. Msaidizi yule, ambaye hadi hapo alikuwa akiandika bila kuinua macho, alisimamisha kalamu akauliza ni kaunti gani. Maswali yaliyofuata yalikuwa yake, na ndipo mazungumzo yalipoanza hasa. Kwa hiyo omba kutoka ofisi ya misaada ya fedha ya chuo chako takwimu za wanafunzi wanaotoka katika eneo la mbunge huyo, kwa sababu takwimu za taifa zima amekwisha kuzisikia kwa wageni waliokutangulia.

Ipo mipaka ambayo lazima iheshimiwe. Fedha za ruzuku ya shirikisho haziruhusiwi kutumika kuwashawishi wabunge, hivyo hakikisha nauli na malazi yako yanalipwa kutoka mfuko mwingine. Usizungumzie uchaguzi wala wagombea, kwa kuwa chuo cha umma ni cha wakazi wote wa jimbo. Ukitaka kutoa maoni yako binafsi yanayotofautiana na ya chuo, yaandike ukiwa nyumbani, kwa barua pepe yako mwenyewe. Kuhusu kuwachukua wanafunzi wa kigeni, wenye viza, katika safari hizi, msimamo wangu ni thabiti: waelezwe kila kitu, waamue wenyewe, na asiwepo mwalimu wa kuwasukuma, hata kama simulizi zao ndizo zenye nguvu zaidi.

Siku inayofuata mwandikie msaidizi barua pepe ya shukrani, uambatanishe ukurasa mmoja wenye ombi lako, na ujibu swali lolote ulilolibakiza. Baada ya hapo zingatia mwezi wa Agosti, ambapo wabunge huwa mapumzikoni katika majimbo yao, na vyuo vingi hufungua muhula mwishoni mwa mwezi huo. Iandikie ofisi ya jimboni mapema, kwa kupitia ofisi ya mahusiano ya chuo, ukimwalika mbunge au msaidizi wake aje kuketi darasani kwa saa moja, na umpe nafasi ya kuzungumza na wanafunzi wenyewe wakati wewe umekaa pembeni.