Mdogo wangu, mimi si mtabiri

Marahaba mdogo wangu. Umeniuliza mawili: huku Ujerumani mshahara ukoje, na kwa nini dada alipotikiswa Dar usiku wa Agosti 12, 2020 mimi "mtaalamu wa matetemeko" sikumwonya.

Hilo la pili limenichoma, nianze nalo. Hakuna anayejua siku wala saa ya tetemeko, hata Wajapani na vifaa vyao. Lile lilianzia chini ya bahari, ukubwa wake kama 6, nami nililiona kwenye skrini likiwa limeshapita. Kutwa naweka alama mahali wimbi la P, lile la kwanza kufika, linapoanza, kisha la S linalokuja nyuma yake. Muda uliopo kati yao ndio unaokupa umbali wa tetemeko. Mamia kwa siku, mpaka macho yanawaka. Kuna wakati nilihangaika wiki nzima na vitetemeko vya kila asubuhi, kituo kimoja tu. Nikaanza na ripoti kabisa! Jumapili kimya. Kumbe ni trekta la mzee mmoja, linapita jirani na kifaa chetu.

Haya, hela. Nakula, nalipa kodi, na mjomba hapo Mikindani namtumia ninachopata. Ila mkataba wangu ni wa miaka miwili, na huu ni wa tatu tangu nipate udaktari, yaani PhD. Sheria ya hapa inaruhusu vyuo kukuweka kwa mikataba ya muda hadi miaka 6 kabla ya udaktari na 6 baada yake. Ikiisha bila kazi ya kudumu, tafuta pengine. Nikiwaeleza nyumbani, wanasema nakwepa kuombwa. Mtu wa kusini mwenye ajira ya kudumu ninayemjua huku ni yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913. Amesimama makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13, wala hadaiwi kodi.

Kuja, njoo. Lakini usiidharau hapo ulipo. Ujuzi huuhuu ndio wanaotafutia gesi: unaitikisa ardhi makusudi, unasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na wewe unaiona nyumbani kwako.

Kabla hatujaongea viza, nitumie matokeo yako ya hesabu na fizikia. Ya jiografia kaa nayo kwanza.