Mzee wa Sarafu Anajibu: Nani Anaitaka Sarafu Iliyofutika?

*Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Majibu kutoka Dodoma mjini.*

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu yetu alituachia kopo la sarafu za zamani. Kuna za Mjerumani, kuna za Mwingereza zenye simba, na chache za Mwalimu. Juzi nilizipiga picha nikaziweka kwenye kundi la WhatsApp, mtu mmoja wa Dar es Salaam akanipigia. Nilidhani atazitaka zile zinazong'aa. Akazipita kabisa, akaniuliza kama ninayo yoyote iliyolika hadi picha imepotea, mradi mwaka usomeke. Kaka yangu anasema huyo tapeli. Mimi nilikuwa nataka kuzisugua zote kwa ndimu na majivu zipendeze. Kweli kuna watu wanatafuta sarafu zilizochakaa?
*Msomaji, Kondoa*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndimu irudishe jikoni kwanza. Ukishasugua hakuna dawa, na mengine yote tunaweza kuyazungumza taratibu.

Watu hao wapo, tena wanashindana. Kipimo cha hali ya sarafu kinachotumiwa sana leo kilianzishwa na Mmarekani mmoja, William Sheldon, mwaka 1949, alipokuwa akizipanga senti kubwa za shaba za kwao. Kinaanzia 1 hadi 70. Namba 70 ni sarafu isiyo na hata mkwaruzo. Namba 1 ni ile ambayo ukiikodolea macho unaweza kusema tu kwamba hii ni sarafu fulani ya mwaka fulani, basi. Wakusanyaji wengi hukimbilia juu na kulipa pesa nyingi. Hawa wa aina ya mpigaji simu wako hukimbilia 1. Kampuni ya PCGS ya Marekani, iliyoanza 1986 kwa kazi ya kupima sarafu na kuzifungia kwenye vikasha vya plastiki, ina hata orodha za mashindano ambamo mwenye namba za chini kabisa ndiye anayeongoza.

Kinachowavuta ni ugumu wa kuzipata. Chukua dola ya fedha ya Marekani iitwayo Morgan, iliyotengenezwa 1878 hadi 1904 na tena 1921. Ilikuwa nzito, watu hawakupenda kutembea nayo, kwa hiyo mamilioni yalilala kwenye mifuko ndani ya hazina ya serikali hadi miaka ya 1960. Matokeo yake, Morgan inayong'aa inapatikana kirahisi. Iliyolika hadi namba 1 ndiyo ya kutafuta kwa tochi, maana ilibidi mtu aibebe, na mwingine aibebe, miaka nenda rudi, bila kuipoteza, kuitoboa wala kuiyeyusha.

Na hilo sharti la mwaka kusomeka usilione dogo. Robo dola yao iliyoanza 1916 iliwekewa mwaka mahali palipoinuka, ukafutika mapema kuliko kitu kingine chochote, hadi 1925 walipouzamisha. Kwa hiyo robo dola ya miaka ile iliyolika mwili mzima lakini mwaka bado unaonekana ni mgongano wa ajabu, na wakusanyaji wanapenda migongano ya aina hiyo.

Sasa njoo kwetu. Nimestaafu kazi ya dirishani, benki, hapa hapa mjini. Sarafu za akina mama wa Soko la Majengo nilizihesabu mimi, zilikuja kwenye vifuko vya kitambaa zikiwa na harufu ya dagaa. Nilichojifunza ni kwamba sarafu zetu huwa zinakufa kabla hazijachakaa. Zile za kwanza za Benki Kuu zilitoka 1966: senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura na shilingi ya mwenge. Shilingi ile ni shaba na nikeli, madini magumu. Ilipokuwa inaanza kulika vizuri, bei za vitu zikapanda, ikaacha kununua chochote, ikaishia kwenye makopo kama la babu yako au ikachezewa bao na watoto. Nyingi nilizopokea zilikuwa zimelainika shavu la Mwalimu na nywele za juu ya sikio, lakini maandishi yalikuwa mazima. Shilingi ya 1966 ambayo mwenge wake umebaki kivuli, hiyo mimi mwenyewe bado naitafuta. Ukiiona kwenye kopo, usimpe wa Dar kabla hujaniandikia. (Mhariri, hilo usilifute.)

Za simba ndizo zenye bahati ya kulika. Shilingi ya Mfalme George wa Tano ilitengenezwa 1921 hadi 1925, ikiwa na fedha robo tu, na ilitumika tangu enzi hizo hadi karibu na uhuru. Zile nimeziona zimekuwa bapa hadi simba amebaki mgongo na mkia, milima nyuma yake imeyeyuka. Kuisoma sarafu ya namna hiyo kuna ufundi wake. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu uilaze mezani, sarafu iwe pembeni ya mwanga, halafu iinamishe polepole. Herufi ambazo ulikuwa unaapa hazipo zitajitokeza kwa kivuli chake. Ikikataa, ipulizie pumzi kama unayefuta miwani. Kabla ukungu haujakauka, pale palipokuwa na namba hukauka tofauti kidogo. Kwa njia hiyo nimewahi kuutambua mwaka 1924 kwenye kipande ambacho muuzaji alikiita kizibo.

Rupia ya Mjerumani ina kisa kingine. Ni fedha karibu tupu, gramu 11.66 inapotoka mpya, na ilitumika kwetu takriban miaka thelathini tu tangu 1890. Muda huo hautoshi kuifuta kabisa. Ukiipata imelika hadi kofia ya Kaisari haionekani, geuza ukingo wake, tafuta doa la kulehemu au tundu lililozibwa. Mara nyingi ilikuwa shingoni mwa mtu, ikisuguana na ngozi na shanga kila siku. Wengine hawazitaki hizo. Mimi nazipenda, lakini ziuzwe kwa jina lake. Mpelekee sonara akupimie. Iliyolika itapungua uzito kidogo. Ikipungua sana, au ikizidi, mashaka yaanze hapo.

Halafu usichanganye kulika na kutochapwa vizuri. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walipiga sarafu za heller 20 (heller mia zilifanya rupia moja) kwenye karakana ya reli Tabora, kwa shaba ya kuokoteza na vifaa vya kubahatisha. Nyingi zilitoka na taji hafifu na maandishi nusu siku ile ile zilipozaliwa. Angalia uso wake: kama sehemu iliyofifia bado ina chembechembe za madini ghafi, hapo hapajaguswa na kidole. Palipolika pana ulaini na mng'ao wa kuguswa.

Ninachokiomba ukikariri ni namna ya kumtambua aliyesaidia sarafu kuchakaa. Soko la namba 1 limezaa watu wanaoweka sarafu kwenye chupa ya mchanga wakaitikisa, au wanaosugua kwa msasa. Kulika kwa haki huanzia palipoinuka, na mashimoni hubaki weusi wa uchafu wa zamani. Ukingo nao hupungua kwa mviringo, pande zote mbili zikifuatana. Msasa huacha mistari inayokwenda upande mmoja, na kila mahali kunang'aa sawa, hata kwenye mifereji ya herufi. Mara nyingi upande mmoja umekwisha na wa pili uko hai. Hao mimi siwapokei hata barazani. Jembe lililolika hadi kubaki kipande ni kwa sababu limelima. Ukilikata kwa msumeno lifanane nalo, umedanganya nani?

Kuhusu bei, nisikupe ndoto. Shilingi ya simba iliyolika ni sarafu ya bei ndogo. Pesa kubwa za namba 1 ziko kwenye sarafu za Marekani zilizokwisha kupimwa, na kuipeleka yako huko kupimwa kutakugharimu kuliko utakachopata. Huyo wa Dar pengine anakusanya kwa raha yake, au anajaza pengo la mwaka asilo na uwezo wa kulinunua katika hali nzuri, na hiyo ndiyo sababu ya wengi, ingawa hawapendi kuisema. Kama ni tapeli utamjua kwa anachokitanguliza. Mnunuzi atakuuliza uzito, ataomba picha ya pande zote mbili na ya ukingo. Tapeli ataomba ada ya usajili, cheti, au nauli ya "mzungu" atakayekuja kununua. Mpaka sasa, kwa ulivyoeleza, huyu anauliza maswali ya mnunuzi. Kaka yako msalimie.

SWALI: Mzee, huku kwetu kuna bwana anachangisha pesa za kuchimba rupia zilizofukiwa na Mjerumani karibu na boma la zamani. Anasema zina uwezo wa kuvuta mchele na zinanunuliwa kwa mabilioni. Tuchange?
*Msomaji, Kilimatinde*

JIBU: Msichange. Rupia ni fedha. Haivuti mchele, haivuti msumari, haivuti kitu isipokuwa pesa za waliochanga. Yenye thamani kubwa kweli ni ya dhahabu, ya rupia 15, yenye tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, huko Iramba mkoani kwenu, ikapigwa Tabora 1916, vipande 16,198. Hiyo haijulikani kwa kuvuta chochote, na bandia zake ni nyingi kiasi kwamba nikionyeshwa moja naomba mizani kabla ya kuomba kiti.

SWALI: Naweka sarafu zangu kwenye mfuko wa plastiki laini. Zimeanza kuwa na utelezi wa kijani. Ni kutu?
*Msomaji, Mpwapwa*

JIBU: Ni plastiki yenyewe inayotoa kemikali. Zitoe leo. Tengeneza bahasha ndogo za karatasi kavu, kila sarafu na yake, uandike nje ulikoipata na lini, kisha ziweke kwenye boksi mbali na jiko. Ukavu wa Dodoma unatusaidia, wenzetu wa Tanga wanahangaika zaidi. Kijani kilichokwisha kuingia usikikwangue kwa kisu. Niletee picha kwanza, niambie ni sarafu gani.